Mguu wa Delmar

Mwaka ule wa 1946 chuo kizima kilikuwa na wanafunzi mia mbili na ushee, na bado timu yake ilikuwa imeshinda mechi sita mfululizo. Jimbo zima la Minnesota lilianza kuuliza hicho chuo kiko wapi. Nusu ya wachezaji walikuwa wametoka vitani. Mmoja wao, Orrin Tveit, mizinga ya Ubelgiji ilikuwa imemharibia masikio. Ukisema naye uso kwa uso mlielewana, lakini akiinamisha kichwa uwanjani alikuwa kiziwi kabisa.

Siri hiyo aliijua Delmar Aas peke yake, jirani yake katika safu ya mbele. Katika mpira wa Kimarekani safu yote huinama na kungoja. Wendell, mrusha mpira wao, akiita namba, wote huchomoka pamoja kumkinga. Orrin hakuzisikia namba. Basi Delmar alimkanyaga kidogo ncha ya kiatu, naye akachomoka. Mechi sita, na hakuna aliyegundua.

Kabla ya mechi ya saba, wakiwa wanavaa, mtu alimtania Delmar kwamba mikono inamtetemeka. Orrin akadakia kwa sauti yake kubwa:

"Mwacheni bwana! Sisi tulipokuwa tunakula mabomu Ubelgiji, mwenzetu alikuwa anapigwa mateke na ng'ombe wa baba yake. Huyo ndiye mwenye majeraha!"

Wakacheka hadi machozi. Delmar naye alicheka, huku moyo unamchoma. Serikali ndiyo iliyomzuia kwenda vitani, ikamwacha shambani akamue ng'ombe, yeye hakuomba. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huu ulitumbuka kipindi cha pili. Wendell akaita namba, na Delmar akauzuia mguu wake.

Mara moja tu. Alitaka Orrin azomewe kidogo, basi. Lakini jitu la upande wa pili lilipita pale Orrin alipokuwa bado ameinama, likamwangukia Wendell na kumvunja goti. Mechi wakapoteza.

Jumatatu Kocha Lindahl alimwita Delmar ofisini. Orrin alikuwa ameshatangulia na kusema yote, uziwi wake na ishara ya kiatu.

"Huyu nataka abaki," alisema kocha, akimwonyesha Orrin. "Kama ishara yenu ni ya kuaminika, anabaki. Kama inampita, siwezi kumvunja mtu mwingine mguu. Sasa niambie ukweli, Delmar. Siku ile ulimgusa, hukumgusa?"

Orrin alikuwa ameikodolea macho midomo ya Delmar. Neno moja tu la kweli lingemwokoa Orrin. Delmar alilitafuta, akamwona mawazoni Wendell kitandani, akawaona wenzake wote wakimgeuzia mgongo.

"Nilimgusa, Kocha."

Kocha akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuipokea jezi ya Orrin.

Nje, kwenye ngazi, Orrin alimshika bega. "Nisamehe, ndugu yangu. Baridi ile, nadhani mguu ulikuwa umekufa ganzi, sikuhisi kitu. Wewe umenibeba msimu mzima, halafu mimi nakuangusha hivi. Na Wendell, masikini."

Delmar aliona aibu. Akatazama viatu vyake.

"Si kitu," alinong'ona.

Orrin hakusikia. "Unasemaje?"

Ikabidi Delmar ainue uso, amtazame machoni, ayatamke maneno vizuri, moja moja, ili mwenzake ayasome midomoni mwake:

"Si kitu, Orrin. Nimekusamehe."