Fosforasi Aombewa Nafasi

Jana mchana usingizi ulinipitia mbele ya mashine ya maabara yetu, nikaota. Asubuhi nzima mimi na mwenzangu Hemedi tulikuwa tukisukuma atomu moja ya fosforasi kwa ncha ya sindano ya mashine hiyo, iingie kwenye pengo la atomu moja juu ya kipande cha silikoni. Ilikataa katakata.

Katika ndoto niko juu ya kipande chenyewe. Atomu za silikoni zimekaa kwa safu kama wageni jamvini, kila moja ina mikono minne, na kila mkono umeshikana na wa jirani. Baridi ni kali lakini hakuna anayetetemeka. Kutetemeka kumepigwa marufuku.

Fosforasi amesimama pembeni, mkono wake wa tano ameuficha mfukoni.

"Dada Siwema," ananiambia, "tangu asubuhi unanisukuma tu kwa watu. Hata hodi hujanipigia."

Namwomba radhi. Sindano inashuka kutoka juu, ndefu kama mnara, inasema, "Msiniguse. Mimi kazi yangu ni kukaribia tu." Tunaipisha.

Napiga hodi.

"Nani?" anauliza mama mmoja wa silikoni, jirani wa lile pengo.

"Mgeni, mama. Anaomba nafasi hapo."

"Ana mikono mingapi?"

"Mitano."

Safu nzima inanong'ona. "Sisi hapa ni minne minne," anasema mama. "Huo wa tano atamshika nani?"

Fosforasi anainamisha kichwa, nami roho inaniuma.

Mara tuko jikoni kwa mama yangu, Tanga, safu zote. Chai iko tayari, imepoa kabisa kama inavyotakiwa. Lakini hakuna anayekunywa, maana mikono yote imeshikwa.

Fosforasi anautoa mkono mfukoni. Anainua birika, anamimina, anampitishia kila mmoja kikombe mdomoni, mpaka safu ya mwisho.

"Ehe," anasema yule mama, akimeza. "Huyu akae. Hebu sogeeni."

Nafurahi mpaka nacheka, na kicheko kinaniamsha. Hemedi amesimama nyuma yangu na sahani ya wali.

"Umefanyaje?" anauliza, macho kwenye skrini. "Sindano niliinyanyua kabla sijaenda kula."

Nikatazama skrini. Fosforasi alikuwa ndani ya pengo, ametulia, na jirani yake mmoja alikuwa amesogea kidogo kumpisha.