Machozi ya Kaka

Asubuhi ya kumzika mama, dada mtu alifika kwenye eneo la kurekodia filamu akiwa na nguo zake za msiba. Mpambaji wa waigizaji alimvutia kiti chake cha siku zote, nyuma ya kamera, akamwekea jagi la maji na bilauri. Ndio utaratibu: anywe ya kutosha, kaka yake, mwongozaji, asije akakaukiwa machozi katikati ya shoti.

Kaka alipokuwa kijana alifukuzwa kila alikoomba kuigiza, maana hakuweza kulia hata apakwe kitunguu. Siku moja dada alimsindikiza, akajigonga kidole kwenye taa ya chuma. Maumivu yalikuwa yake, machozi yakatoka machoni mwa kaka. Kamera ikaachwa iendelee. Tangu hapo dada hakulia tena kwa macho yake, na alipolalamika, mama alimkatiza.

“Mwachie kaka yako. Wewe una nini cha kulilia?”

Basi kaka akaneemeka. Machozi yalimpa tuzo, yakamjengea ghorofa, yakamnunulia gari la kufunguliwa mlango. Umri ulipomtupa mkono akageuka mwongozaji, akaanza kuwagawia waigizaji wake machozi hayo: anamshika msichana bega, msichana anabubujikwa. Magazeti yakasema mzee ana kipaji cha kuwaliza watu. Kipaji! Dada aliachwa na mume, akatolewa vyombo nje na mwenye nyumba, yote hayo kwa macho makavu, na ukoo mzima ukamwita roho ngumu.

Siku hiyo hakukaa kitini.

“Kaka, leo niachie. Ni mama.”

Kaka alimwambia anaelewa kabisa, tena naye ana uchungu. Ila wamalize kwanza hii shoti moja, ya binti aliyefiwa na mama yake. Dada akanywa maji akimtazama, akamchukia waziwazi, na wala hakuona aibu. Binti wa filamu alilia vizuri sana.

Makaburini, jeneza liliposhushwa, kifua cha dada kilijaa, akajua sasa machozi yanakuja. Yakatoka kwa kaka. Yalimtiririka mpaka kwenye tai. Wapiga picha wakasogea, na waombolezaji wakanong'onezana kwamba mama yule alizaa mtoto mmoja tu wa maana. Shangazi alimgeukia dada, akasonya.

“Hata tone? Aliyekuzaa huyu!”

Hapo hasira zikampanda dada. Alitaka kumtia kaka vidole machoni mbele ya watu wote, liwalo na liwe. Lakini kadiri alivyowaka ndivyo kaka alivyozidi kulia, akalia kwa kwikwi, mpaka wazee wawili wakaja kumshika mabega.

Kisha kaka akainua mkono, wachimba kaburi wakasimamisha makoleo. Mpiga picha wake alikuwa amesimama akilielekea jua, picha imeharibika, hivyo ingebidi warudie. Hakuna aliyeona ubaya. Jeneza likapandishwa, kamba zikakazwa upya.

Mpambaji akapita katikati ya waombolezaji na jagi lake.

“Kunywa, dada,” akasema taratibu.

Dada akapokea bilauri, akanywa yote, akaomba nyingine. Asingekunywa, mama angezikwa bila kuliliwa na mtu.