Nambari Tisa wa Jezi za Swara

Wepukhulu, mchoraji wa mabango, alianza na viatu. Alikuwa juu ya ngazi mkabala na soko la Kibuye tangu asubuhi, na Perez, aliyekuwa akikaanga samaki aina ya ngege ng'ambo ya barabara, aliitambua ile miguu kabla rangi haijafika magotini. Ilipokamilika jezi nambari tisa, alipunguza moto akavuka.

"Huyo ni bwana yangu," alisema.

"Pole, mama. Mimi nimepewa picha tu."

Mwaka huo wa 1989 kiwanda cha jezi cha Swara kilikuwa kinatimiza miaka arobaini, na matangazo yake hayakuwa na haya: redioni, magazetini, kwenye kuta za maduka. Walitaka sura ya ushindi. Wakaichukua ya Zadock, aliyewafungia bao la kombe, jina lake wakaliacha. Lingewaharibia sherehe. Zadock alikuwa mshambuliaji wa timu ya kiwanda na dereva wa lori la kiwanda, na lori hilo ndilo lililotumbukia mto Sondu na timu nzima. Kiwanda kilisema dereva alikuwa amelewa. Zadock, Msabato ambaye hata chai hakunywa! Breki zilikuwa zimeisha. Alimwambia meneja Absalom, naye Absalom akamjibu awashe gari, mechi haingoji mtu. Hayo Perez aliyasikia kwa mumewe asubuhi ileile, akifunga kamba za viatu.

Tangu hapo Perez alikuwa bibi ya mlevi aliyemaliza watoto wa watu. Mwili haukupatikana, basi wazee wa kwao Asembo wakazika tunda la mti wa yago badala yake, kama ilivyo desturi, likiwa limevikwa jezi. Kabla udongo haujarudishwa, Perez aliinama akaliambia lisilale.

Kesho yake baada ya kuchorwa, bango lilianza kuvuja maji ya mto, mekundu kwa udongo. Mifereji ya mji ilikuwa mikavu wiki hiyo, kwa hiyo kina mama wakapanga ndoo chini yake na kugombania foleni. Watu wa matangazo walifurahi kuona umati.

Jioni Zadock alishuka kutoka bangoni. Perez alimfungia samaki kwenye gazeti.

"Baba Lornah, Absalom aseme kwanza mbele ya watu," alimwambia. "Akishasema, mfanye unachotaka. Mimi sitalia."

Zadock alichukua samaki akapanda Milimani, kwa meneja. Kila jioni aliketi kwenye kochi la Absalom akichuruzika, na mke wa Absalom akatandika magunia ili zulia lisioze. Wageni walimsalimia, wakaomba sukari, wakaendelea na chai. Haikupita muda Absalom akaja sokoni mwenyewe, suruali imelowa hadi mapajani, na ilikuwa kiangazi.

"Mama Lornah, tafadhali, mwite mtu wako."

"Breki zilikuwaje?"

Absalom aliangalia huku na huku. "Zilikuwa zimeisha. Nilijua."

"Nenda useme hivyo uwanjani siku ya sherehe. Atarudi kwangu."

"Nitasema, mama. Nimechoka."

Perez alimtazama akiondoka na kumchukia kwa moyo mweupe kabisa. Usiku huo alilala fofofo.

Siku ya sherehe alivaa nguo zake za kanisani akaketi mbele. Absalom alishika maikrofoni, Zadock amesimama nyuma yake. Alishukuru wageni, akashukuru benki, akameza mate.

"Kuhusu ile ajali ya Sondu," alisema, na Perez akasimama. "Ukweli ni kwamba lile lori..."

Maji yalikuwa yamemfika kidevuni. Yalimzunguka yeye peke yake, na waheshimiwa jukwaani waliinua viatu tu. Yakamfunika mdomo, kisha macho. Maikrofoni ilipiga mluzi, bendi ikadhani ni zamu yake ikaanza kupiga. Walipomshusha Absalom alikuwa ameshakufa maji.

Zadock alimjia Perez, mkavu.

"Nimemaliza," alisema.

"Mjinga wewe!" Perez alimpigia kelele. "Alikuwa anasema! Neno lilikuwa mdomoni, Zadock! Lakini wewe, tangu lini ukampa mtu pasi?"

Zadock aliinamisha kichwa, kama mtu aliyekosa penalti, akasema ana usingizi. Akaenda zake Asembo kulala.

Redio ilimwomboleza Absalom, shujaa aliyeinua kiwanda baada ya msiba ulioletwa na dereva mlevi. Wepukhulu aliitwa tena na ngazi yake, akamchora meneja kando ya nambari tisa, mkono begani, wote wawili wanacheka.

Siku hiyo mama mmoja mgeni sokoni alinunua ngege mkubwa. Jirani akamnong'oneza sikioni. Akamrudisha samaki juu ya meza.

"Kumbe ndiye bibi ya yule mlevi," alisema.

Perez alimrudisha ngege kwenye mafuta asije akapoa.