Nywele Ndani ya Kopo

Nyumbani kwa Mama Mdogo kila kitu kilikuwa na maficho yake. Alikuwa fundi wa mawigi, na tangu aletewe watoto wa dada yake, wasichana wawili wa miaka sita na minne, mikasi aliitundika juu ya mlango na gundi akaipandisha juu ya kabati. Watoto wale, Mungu awalinde, walitia fora kwa utundu. Wakinyamaza tu, ujue kuna kitu kinaharibika.

Alichokihofia zaidi ni kopo la maziwa lililojaa nywele za dada yake. Dada alizikata mwenyewe kabla dawa za hospitali hazijazipukutisha, akamkabidhi mdogo wake amshonee wigi. Watoto walipopelekwa wodini wakamwona na kichwa kitupu, walimkimbia. Sasa madaktari walikwisha kunawa mikono. Jumamosi angerudishwa nyumbani amalizie siku zake. Alitaka jambo moja tu, wanawe wasimwogope.

Basi Mama Mdogo alishona hadi vidole vikafa ganzi. Na kila watoto walipolisogelea kopo, aliwatisha kwa maneno yaleyale.

"Humo yumo mama yenu. Mkigusa mtamuumiza."

Wiki nzima hawakugusa, naye akajiona mjanja kweli.

Jumamosi asubuhi, wigi likikaribia kwisha, uzi ulimwishia. Alikwenda duka la mtaa wa pili, akakuta foleni. Aliporudi nyumba ilikuwa kimya, akakimbilia chumba cha kazi.

Walikuwa wamepandisha kiti juu ya meza. Mto wa kitandani walikuwa wameuvika gauni la mama yao, wakaubandikia nywele zote, za kopo na za wigi, kwa chupa nzima ya gundi.

"Tumemtoa mama," yule mkubwa akasema, uso umemchangamka. "Humo ndani alikuwa hapumui."

Mama Mdogo aliinua mkono ampige, akaushusha. Ampigie nini, na maneno ni yake mwenyewe? Alijaribu maji ya moto, akajaribu kuchambua unywele mmojammoja, lakini gundi ile ikishika imeshika. Majuto ni mjukuu.

Gari lilifika kabla ya adhuhuri. Dada aliingia akijikongoja, mkono ukutani, na kitambaa kikamteleza kichwani. Watoto walipiga yowe, wakaukumbatia mto na kujificha nyuma yake, wakiuita mama, mama. Mama Mdogo alianza kujieleza, kilio kikamzidi. Dada hakumsikiliza. Aliutazama mto ule kitambo kirefu, gauni lake, nywele zake.

"Usiwanyang'anye," alisema. "Mimi nitafutie mahali niwaone, wao wasinione."

Mama Mdogo akamwekea kiti nyuma ya pazia la chumba cha kazi. Hapo dada yake alikaa hadi jioni, akiwasikiliza wanawe wakizungumza na mama yao.