Neno la Siri la Mama Limi

Jilala aliapa kwamba mkewe asipomwambia neno lake la siri la kompyuta, atamwachisha kazi.

Mkewe, Paulina, aliyeitwa Mama Limi kwa jina la mtoto wao, alikuwa karani wa mfanyabiashara wa alizeti. Kila jioni, kabla ya kipindi cha kompyuta pale kanisani Mikumi, alitumia mashine ya darasa kuingia kwenye kompyuta ya ofisi iliyoko Kilosa, kwa njia ya simu, na kuandika magunia yaliyopokelewa. Jilala alisoma darasa hilohilo. Kilichomuuma ni mwalimu Cornel, kijana mpole wa Morogoro, aliyekuwa akimwinamia Paulina begani na kumwelekeza kwa sauti ya chini.

Siku moja Cornel aliwaonyesha wanafunzi kuwa neno la siri likipita kwenye waya bila kinga, mashine ya jirani inaweza kulisoma. Darasa lilicheka. Jilala hakucheka. Alizikariri zile amri za kompyuta alizotumia Cornel kwa bidii zaidi kuliko alivyowahi kukariri zaburi, akiwa na hakika kwamba neno la mkewe ni jina la Cornel.

Jumatatu alikaa kwenye mashine ya pili, akaandika zile amri, akamsubiri Paulina aingie kwenye kompyuta ya Kilosa. Kwenye kioo chake zikamiminika herufi na alama zisizosomeka, kama mtu amemwaga debe la misumari.

Beda, fundi baiskeli aliyekaa nyuma yake, alichungulia. "Baba Limi, leo mama amekufungia nje."

Cornel, asijue lolote, alieleza kwamba amemwekea Mama Limi programu mpya. Sasa neno lake linageuzwa fumbo kabla halijatoka, na kompyuta ya Kilosa pekee ndiyo inayoweza kulifumbua. Hata yeye mwalimu haoni kitu. Katika hayo yote Jilala alisikia jambo moja: Cornel amempa mkewe kitu.

Nyumbani, ugali ukiwa mezani, walifumba macho. Jilala aliomba kwa sauti. Kisha, kama kawaida yake, Paulina alibaki kimya kidogo kabla ya kusema amina. Safari hii Jilala hakusubiri.

"Niambie hilo neno, Mama Limi, au kesho usiende kazini."

Paulina hakufumbua macho. "Toka tuoane naomba kimya mbele yako. Umewahi kuniuliza namwambia Mungu nini?"

"Hapana."

"Mbona hukuuliza?"

Lililomjia Jilala moyoni ni kwamba sasa angependa kuuliza, na aliona aibu kumwonea wivu hata Mungu.

"Amina," alisema Paulina, akamsogezea bakuli la mlenda. Habari ya kuacha kazi haikutajwa tena.

Kesho yake Cornel aliwataka wote wachague maneno ya siri, akawaonya wasitumie majina ya wake zao. Jilala alipogusa vibonyezo, Paulina, aliyekaa ubavuni pake, aligeukia ukuta bila kuambiwa.

Jilala aliandika "Paulina", polepole, herufi moja moja. Alitamani mkewe angalau achungulie.