Mafundi Waliofika Saa Tatu Kasoro

Devimaya Ghale, mkandarasi aliyesajiliwa daraja la chini kabisa, alikuwa akipima mchanga kwa karai kwenye ujenzi wa zahanati ya kijiji, vivuli vya mafundi vilipopanda njia ya mlimani. Ilikuwa saa tatu kasoro asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza kule magharibi, nchi za Ghuba. Mafundi wenyewe walikuwa huko mwaka wa nne, wakijenga maghorofa. Vivuli vyao vilishika miko, vikaanza kupanga mawe. Cha mumewe, Tekman, alikijua mara moja kwa lile bega la kushoto lililoshuka.

“Umechelewa,” alikiambia, akakisogezea timazi.

Devimaya alikuwa na mpango wake. Wakandarasi wenzake walikimbilia barabara za mbali, wakaziacha nusu. Yeye angechukua kazi ndogo za karibu, azimalize kwa wakati, apande daraja, kisha aombe hospitali ya wilaya. Hospitali ni kazi ya miaka mitano, na kwa kazi ya miaka mitano mtu anaweza kumwita mumewe nyumbani.

Zahanati iliisha kabla ya mvua. Daraja akapanda.

Siku ya kupeleka zabuni ya hospitali, Lokraj, mkandarasi wa ng’ambo ya mto, alimkuta kwenye ngazi za ofisi.

“Dada, mafundi umewaandikia ngapi?”

“Ujira wa watu thelathini.”

“Watu?” Lokraj alicheka. “Utakula jeuri yako, dada yangu! Wenzio wote tumeandika sufuri. Kivuli hakili wali.”

Ndani, karani alimpa fomu mpya. Mahali pa ujira wa mafundi palikuwa pamefutwa. Bei ya chini ndiyo inayoshinda, kama siku zote. Devimaya alisimama dirishani mpaka aliye nyuma yake akakohoa. Akawatoa wale watu thelathini kwenye hesabu yake. Akashinda.

Jioni alipiga simu Ghuba.

“Nimeipata hospitali, Baba Binsa. Miaka mitano.”

“Wee! Hongera, Mama Binsa! Basi nirudi. Mtanilipa ngapi?”

“Mahali pa ujira wamepafuta,” alisema Devimaya. “Vivuli havilipwi.”

“Ahaa,” alisema Tekman. “Mnanitumia tayari. Ndiyo maana siku hizi nachoka mara mbili.” Kisha akauliza, “Huko kazi naifanya vizuri?”

“Vizuri sana. Ila huongei.”

Msingi ulichimbwa mwezi wa Mangsir, baridi ilipoanza. Jua lilipozama nyuma ya milima, vivuli viliendelea na kazi, kwa kuwa Ghuba bado ilikuwa mchana. Wake za mafundi walikuja wamejifunika shali, wakaketi juu ya marundo ya matofali, kila mmoja karibu na kivuli cha mumewe, wakivisimulia habari za watoto na za nyati wa maziwa aliyezaa.

Saa moja na nusu usiku, jua la Ghuba likizama, vivuli vilianza kufifia kimoja kimoja. Cha Tekman kilififia kikiwa kimeinua tofali. Devimaya alilidaka, akalipaka saruji, akalipanga mahali pake.