Fomu ya Kabula

Mwaka 2004, katika sekondari aliyosoma Kabula mjini Sumbawanga, kila mwanafunzi alitakiwa kujaza fomu ya mchezo anaoshiriki. Kabula, wa kidato cha tatu, aliandika: “Gemu ya mpira, kwenye kibanda cha Yonas.”

Mwalimu wa michezo, Alois, akamwita ofisini.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Huu ni utani?”

“Hapana, mwalimu.”

“Gemu ya kwenye televisheni si mchezo. Mchezo unatoa jasho. Andika netiboli kama mwaka jana.”

Kabula alipokuwa na miaka tisa, familia yake ikihamia kijiji cha Kaoze na mifugo kutoka Shinyanga, ng'ombe walikurupuka njiani wakamkanyaga mguu. Tangu hapo goti lake halikunjiki sawasawa.

“Mwalimu, miaka miwili ya netiboli sijagusa mpira. Nashika masweta ya wenzangu. Kwa Yonas nacheza.”

Alois mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika kwenye ripoti ya Kabula kila muhula: ameshiriki vizuri.

Jumamosi akaenda mwenyewe kwenye kibanda cha gemu cha Yonas, nyuma ya soko. Alimkuta Kabula kwenye benchi na vijana wanne, akisubiri zamu yake.

“Dada, leo hutoki!” mmoja alimtania.

Kabula alifungwa bao la mapema. Akatulia, akarudisha mabeki nyuma, akashinda mawili kwa moja. Kisha akamgeukia yule kijana: “Unakimbilia mpira. Angalia nafasi inayobaki wazi.”

Jumatatu Alois alimweleza mkuu wa shule, Mwalimu Bertha, aliyoyaona.

“Nikikubali gemu, kesho darasa zima litahamia huko,” alisema Bertha. “Wazazi nitawaambia nini?”

“Na huyu tuliyemwandikia uongo miaka miwili, tutamwambia nini?”

“Gemu siiandiki,” alisema Bertha. “Lakini huko kuona nafasi, hawezi kuwaonyesha wenzake uwanjani?”

Kabula alipoambiwa, hakufurahi sana. “Nitawaelekeza, mwalimu. Ila kuelekeza si kucheza.”

“Najua,” alisema Alois. “Kwa sasa nimepata hilo tu.”

Akaanza. Wiki za kwanza wasichana wa netiboli walimpuuza, hasa Albina, nahodha, aliyeona ajabu kufundishwa na mtu asiyeweza kuruka. Kabula akachora uwanja kwa kijiti, akamwonyesha kwa nini pasi zake zinaibwa. Albina akajaribu, pasi ikafika. Tangu siku hiyo alianza kumsikiliza.

Mwezi Septemba walicheza na wasichana wa shule ya Kate, wakafungwa kwa tofauti ya magoli manne. Kabula alilia kwa hasira pembeni mwa uwanja. Alois alitaka kumpa pole, lakini Albina alimtangulia, akachuchumaa mbele ya Kabula akihema.

“Tumekosea wapi?”

Kabula akafuta machozi. “Kaa chini,” alisema. “Tuanzie goli la kwanza.”